Kwa Nini Paa la Nyasi la Siku Hizi Linavuja

Tuliopita shule ya msingi kijijini tunaikumbuka ile picha ya "nyumba bora". Bati juu, madirisha mawili, choo nyuma, kichanja cha vyombo pembeni. Halafu picha ya pili, ile isiyo bora: kibanda cha nyasi kimeinama upande mmoja, kuku mlangoni. Hakuna aliyeuliza kitu. Unachora, unapaka rangi, unapewa vema, kengele inalia.

Sasa nasoma ualimu, mwaka wa tatu, masomo yangu ni Jiografia na Hisabati, na siku si nyingi huenda mimi ndiye nitakayekuwa naining'iniza hiyo picha ukutani. Kabla sijafika huko nataka tuelewane jambo moja. Paa la nyasi lililoezekwa inavyotakiwa halivuji. Haya tunayoyaona siku hizi yakivuja yana sababu zinazoelezeka, na nyingi kati ya hizo hazihusiani na nyasi zenyewe. Natoka Kirushya, wilayani Ngara mkoani Kagera, ambako mapaa haya bado yapo: kwenye majiko, mabanda ya mbuzi, na kwenye nyumba za watu fulani ambao nitawafikia huko mbele.

Tuanze na maji. Chukua unyasi mmoja uweke chini ya bomba. Utalowa tu, hauzuii chochote. Chukua mganda mzima uulaze juu ya meza, umwagie maji: yatapita mpaka mezani. Sasa uegemeze ule mganda ukutani, wima kiasi, umwagie tena. Maji yanashika unyasi wa kwanza, yanateleza nao hadi nchani, yanadondokea unyasi ulio chini yake, yanateleza tena, hivyo hivyo mpaka yanamwagika pembeni. Tone linataka kupenya ndani, lakini mteremko unalipeleka chini haraka kuliko linavyoweza kupenya. Paa likiwa na unene wa kutosha, hata mvua kubwa inalowesha sentimita chache tu za juu. Ukipenyeza vidole kwa ndani unakuta pakavu.

Kwa hiyo kinacholinda nyumba ni vitu viwili, mteremko na unene. Na cha ajabu ni kwamba waezekaji wa pande mbalimbali za dunia, ambao hawajawahi kuonana, wamefikia kipimo kinachokaribiana: nyuzi 45 au zaidi. Uingereza na Uholanzi wanaezeka kwa matete hivyo. Japani, kwenye kijiji cha Shirakawa-go, mapaa yamesimama kiasi cha nyuzi 60, na wenyewe wanayafananisha na viganja viwili vilivyobanwa kwa sala. Kwetu Kagera kuna msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake zinashuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, hata huwezi kusema ukuta unaanzia wapi. Kama uko Dar es Salaam na hujawahi kuuona, upo Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo.

Hapa wanaokimbia hesabu wanivumilie kidogo. Chukua nyumba yenye upana wa mita 4, mwamba wa paa ukiwa katikati. Kila upande una mita 2. Ukitaka mteremko wa nyuzi 45, kilele lazima kiwe mita 2 juu ya ukuta, na kila mti wa paa uwe na urefu wa mita 2.83, bila kuhesabu kile kipande kinachotokeza nje. Ukishusha mteremko mpaka nyuzi 20, kilele kinakuwa sentimita 73 tu juu ya ukuta, na mti unakuwa mita 2.13. Umeokoa sentimita 70 kwa kila mti, umeokoa na nyasi kiasi cha robo. Kwa bati, nyuzi 20 ni salama kabisa, hata pungufu ya hapo inatosha. Kwa nyasi, umeshajenga chujio.

Na hicho ndicho tunachokijenga siku hizi. Mtu anainua nyumba ya mstatili ya tofali za kuchoma au za udongo, kuta anazipima kwa ajili ya bati, na moyoni anajiambia nikipata hela nitapiga bati. Hela haijapatikana, mvua za Oktoba zinakaribia. Anapandisha miti michache, mteremko ule ule wa bati, anatupia nyasi juu "kwa muda". Ule muda unakuwa miaka minane. Nyasi zimepewa kazi ya bati kwenye mteremko wa bati, halafu zikishindwa tunasema nyasi hazifai.

Likizo iliyopita nilimuuliza babu kuhusu jiko la pale nyumbani, ambalo lina miaka miwili tu na tayari sufuria zinahamishwa kila mvua ikinyesha.

"Babu, mbona hili linavuja na bado jipya?"

"Limelala, mwalimu." Ananiita mwalimu tangu nipate barua ya chuo. "Paa likilala, maji nayo yanalala. Aliyeliezeka ni kijana wa kulipwa, alikuwa na haraka. Na nyasi zenyewe zilikuwa mbichi."

Hilo la nyasi mbichi nalo lina maelezo yake. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, Juni mpaka Agosti, zikiwa zimekomaa na kukaukia pale pale zilipoota. Ukizikata zikiwa bado na maji, zikikauka juu ya paa zinasinyaa. Kamba uliyokaza inabaki imelegea, mganda unateleza, na katikati panabaki nafasi. Majani ya pembeni yasiyoondolewa yanashika unyevu na kuoza. Ndiyo maana waezekaji wa zamani walikuwa wanachambua, yaani wanashika mganda kichwani na kuukung'uta, kuuchana kwa vidole, mpaka yabaki mabua tu. Kazi ya kuchambua inachosha kuliko ya kuezeka. Kijana wa kulipwa kwa siku hachambui, na kwa kweli simlaumu, maana hakuna anayemlipa kwa kuchambua.

Kuezeka kwenyewe kunaanzia chini, kwenye ukingo unaomwaga maji, na safu hiyo ya kwanza ndiyo inayotakiwa iwe nene kuliko zote. Fito zimefungwa kwa mlalo kuzunguka paa, karibu karibu. Mmoja anakaa juu, mwingine anabaki ndani ya nyumba akiangalia juu huku vumbi linamwingia machoni. Wa juu anapitisha kamba kwa kijiti chenye ncha, wa ndani anaizungusha kwenye ufito na kuirudisha, wa juu anakaza. Safu ya pili inalala juu ya mafundo ya safu ya kwanza, ya tatu inaficha ya pili. Fundo likionekana kwa nje ujue maji yatalifuata. Kamba zilikuwa magome ya miti au magomba ya migomba. Siku hizi ni nailoni au vipande vya tyubu za baiskeli, na hayo kwa maoni yangu ni maendeleo halali, tyubu haiozi.

Mwisho ni kilele. Hapo ndipo safu zote zinapokutana na hakuna safu nyingine ya kuja kuziba mafundo. Kwenye paa la duara kilele ni sehemu moja ndogo: unakusanya nyasi, unazifunga kama nywele za mwanamke, na sehemu nyingine za Afrika Mashariki wanavika chungu kikuukuu juu yake. Kwenye nyumba ya mstatili kilele ni mstari mzima, mita 6 au 8 za udhaifu. Kwa hiyo tulipoacha nyumba za duara tukahamia za mstatili, na vitanda na kabati vikapata kona za kukaa, tulilirefusha lile eneo linalovuja. Sijawahi kusikia mtu akilisema hili darasani.

Kitu kingine kilichobadilika ni moshi. Moto ulikuwa unawaka ndani kila siku. Joto lilikausha nyasi kwa chini, moshi ulifukuza mchwa na wadudu wengine, masizi yakajipaka kwenye fito. Tulipotoa jiko nje, paa la nyumba ya kulala likakosa dawa yake. Lakini ule moshi ulikuwa unaingia pia kwenye mapafu ya mama zetu na bibi zetu na kuwaharibu macho. Mtu akiniambia turudishe moto ndani ili paa lidumu, nitamwambia akalale humo yeye kwanza.

Sasa tuje kwenye sababu ambazo haziko juu ya paa kabisa.

Paa la nyasi linahitaji nyasi nyingi na watu wengi kwa wakati mmoja. Zamani vyote viwili havikununuliwa. Nyasi zilikuwa mlimani, na watu walikuwa majirani, waliokuja siku moja wakaezeka, wakala, wakanywa pombe ya ndizi, na kesho yake wewe ukadaiwa kwenda kwa mwenzio. Kule Shirakawa-go utaratibu huu bado upo na una jina, wanauita yui: paa moja kubwa linabadilishwa na umati wa wanakijiji, kisha linakaa miaka 30 hadi 40. Kwetu utaratibu ulikatika vipande vipande.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, wakati mkoa ukiitwa Ziwa Magharibi, ilihamisha watu kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwapanga kando ya barabara. Ukiwa kwenye mstari wa nyumba, nyasi zako za jirani zinakatwa na kila mtu, na mlima wenye nyasi unakuwa safari. Kisha Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, zaidi ya laki moja na nusu ndani ya siku moja hivi, na kambi ya Benako wilayani Ngara ikawa kwa muda miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Watu wale walihitaji kujisitiri usiku ule ule. Miti na nyasi za milima ya jirani zilikwenda, na nani angewakatalia? Walipoondoka mwishoni mwa 1996, kitu walichokiacha kwenye ujenzi wetu ni turubai la plastiki. Mpaka leo utaona mtu anatandika plastiki juu ya fito kisha nyasi juu yake, na kwenye mteremko mdogo hiyo plastiki ndiyo inayofanya kazi yote, nyasi zinaikinga tu na jua.

Ongeza mifugo, ambayo imeongezeka na haiachi nyasi zirefuke. Ongeza moto wa kiangazi: mtu anachoma malisho Julai, na nyasi za paa la jirani yake zinaungua kabla hazijakatwa. Ongeza hifadhi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na ndani ya hifadhi ya taifa huendi kukata nyasi na mundu wako. Sipingi hifadhi. Nataka tu ieleweke kwamba nyasi kwetu si za bure tena. Unanunua mzigo, unalipa wa kubeba, unalipa wa kuezeka, na baada ya miaka michache unarudia.

Kwa hiyo anayebaki chini ya nyasi leo ni nani? Ni mjane ambaye watoto wake wako mbali. Ni mzee asiye na nguvu za kupanda mlima. Yaani paa linalohitaji watu wengi limebaki kwa watu wasio na watu. Linaezekwa jembamba, likiwa limelala, na nyasi zilizopatikana badala ya nyasi zinazofaa. Ukipita barabarani kutoka Nyakanazi kwenda Rusumo ukaliona, unaona umaskini, na ni kweli upo. Ila hapo huoni paa la nyasi lenyewe, unaona mabaki yake.

Majirani zetu wa Rwanda waliamua kumaliza jambo hili kwa amri. Kampeni yao waliiita Bye Bye Nyakatsi, nyakatsi ikiwa ni nyumba ya nyasi, na kufikia 2011 walikuwa wameondoa zaidi ya nyumba laki moja za aina hiyo. Familia nyingi zilipata bati kwa mara ya kwanza. Kampeni ililaumiwa pia kwa sababu kuna waliobomolewa kabla ya nyumba mpya kuwa tayari, na miongoni mwao walikuwamo Watwa, ambao ndio waliokuwa hawana pa kukimbilia. Wakati huo huo, nchini humo humo, ikulu ya kale ya mfalme kule Nyanza imejengwa upya kwa nyasi, nzuri ajabu, watalii wanalipa kuingia.

Uganda nao wana Makaburi ya Kasubi, jijini Kampala, walikozikwa makabaka wa Buganda. Nyumba kubwa ya pale, yenye paa la nyasi linalofika chini, iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ikateketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi. Ugumu mmoja ulikuwa wa watu: kuezeka pale ni kazi ya ukoo wa Ngeye, ujuzi unarithishwa, huwezi kumleta fundi yeyote. Mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nawatajia Kasubi kwa sababu inaonyesha pande zote mbili za nyasi kwa mkupuo mmoja. Ni ustadi mkubwa, na unaungua usiku mmoja.

Kuna wenzetu hapa chuoni, hasa mkishasoma makala mbili tatu za mazingira, mnaanza kusema bati ni ukoloni turudi kwenye nyasi. Taratibu jamani. Wale mliopanga geto lisilo na dari mnajua saa nane mchana kulivyo, hilo tunakubaliana: nyasi zina hewa ndani ya mabua na katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi, ndiyo maana mchana kuna ubaridi na usiku kuna ujoto. Na aliyewahi kufundisha mazoezi kwenye darasa la bati mvua ikinyesha anajua kwamba kipindi kinaishia hapo, mnabaki mnatazamana na wanafunzi. Lakini piga hesabu nyingine. Paa la bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 10 tu, linakupa hadi lita 400 za maji yanayoingia kwenye pipa bila mtu kwenda mtoni. Maji ya paa la nyasi yanatoka na rangi ya chai. Anayetembea na ndoo Ngara si yule anayeandika makala za mazingira.

Hata malaria ina neno hapa. Watafiti waliofanya kazi Gambia na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019 waliona kwamba mbu wengi zaidi hufa mchana ndani ya nyumba za bati kuliko za nyasi, kwa sababu ya lile joto lile lile tunalolilalamikia.

Kwa hiyo sisemi turudi. Ninachokitaka ni kidogo zaidi ya hapo. Mwalimu anapofundisha nyumba bora, asimwache mtoto wa nyumba ya nyasi akijifunza kwamba babu zake hawakujua kujenga. Mpe lile swali la mteremko, achore pembetatu, apime, aende nyumbani akaangalie paa lao limelala nyuzi ngapi. Ni hesabu halali za sekondari, na jibu analo juu ya kichwa chake. Tena umeme siku hizi haumbagui. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wana kile kifaa kinachoitwa UMETA, Umeme Tayari, kwa ajili ya nyumba ndogo ambazo hazijasukwa nyaya, na gharama ya kuunganishwa vijijini ilitangazwa kuwa shilingi 27,000. Wapo wazee wanaodhani mpaka wapige bati kwanza. Mkienda likizo waambieni.

Na kama nyumbani kuna jiko la nyasi linalovuja na bati haliko karibu, msianze kwa kuongeza nyasi upande mzima, ni gharama na halitasaidia likiwa limelala. Ingieni ndani mchana, mfunge mlango, mtazame juu. Panapoonekana mwanga ndipo penye tatizo, na mara nyingi ni kilele. Kwa kilele peke yake, mizigo michache ya nyasi kavu zilizochambuliwa inatosha, ikikunjwa katikati ili ianguke pande zote mbili na kufungwa kwa fito mbili zinazobana huku na huku. Chini yake pitisheni ukanda wa turubai. Ifanyike kabla ya Septemba kuisha, nyasi zikiwa bado kavu mlimani na kabla hazijafikiwa na moto.